Mtu wa Arobaini na Moja

Funguo za stoo ya vikundi ziko saba, na mbili kati yake hazifungui chochote. Nimezibeba karibu miaka thelathini bila kuthubutu kuzitupa, maana nilijua siku nitakayozitupa ndiyo siku sista mmoja atakuja na kabati lisilofunguka. Sasa nimezikabidhi kwa mwalimu mpya, binti mwenye saa inayomhesabia hatua, na ndiye aliyeniomba niandike haya. "Mwalimu Nyokabi, tuachie hata kurasa tatu," aliniambia. "Mambo ya vikundi hatukufundishwa chuoni." Kweli hayafundishwi. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vilikuja vimechelewa, na mishahara ya walimu hamhitaji kuhadithiwa.

Nilifika shuleni hapa Muthangari siku ya Jumatatu, nikiwa na cheti cha kufundisha Kiswahili na Dini, na viatu vipya vilivyonibana. Nimezaliwa Uthiru, kwa hivyo Nairobi haikunitisha. Lango la masista ndilo lililonitisha. Sista Perpetua, aliyekuwa mkuu wa shule wakati huo, alisoma barua yangu mara mbili, akanitazama juu ya miwani, akauliza swali moja tu: "Unachoka upesi?" Nikasema la, sichoki. Laiti ningejua. Alifungua droo, akanipa hizo funguo saba na kusema, "Vizuri. Netiboli, mdahalo, maigizo, na wasichana wa maua ya kanisani. Kwaya iko na Mwalimu Mulama, hiyo usiiguse."

Jumatano alasiri, siku ya vikundi, nilifungua stoo nikakuta mipira sita ya netiboli, yote imelala kama chapati. Pampu ilikuwepo, sindano yake haikuwepo. Tulicheza netiboli na mpira ambao ukiudunda haurudi. Wasichana walicheka hadi wakakaa chini, nami nikaapa kwamba sindano haitapotea tena. Ndiyo maana mnaiona ndani ya kopo la sukari kwenye chumba cha walimu. Msiihamishe. Sukari ndicho kitu pekee ambacho walimu wetu hawakiondolei macho.

Jambo la pili nililojifunza lilikuwa kengele. Saa sita kamili ikigonga, shule nzima husimama kwa sala ya Malaika wa Bwana, na mchezo nao husimama. Mwaka wangu wa kwanza, Jumamosi tulipokuwa na wageni kutoka shule jirani, mpira ulikuwa hewani kengele ilipolia. Uliingia golini wachezaji wote wakiwa wameinamisha vichwa. Wageni wakashangilia, wetu wakalalamika, nami ndiye niliyekuwa refa na sikujua la kufanya. Sista Perpetua alikamilisha sala yake polepole, akafanya ishara ya msalaba, kisha akasema, "Goli la wakati wa sala halihesabiwi." Hakuna aliyebisha. Nimeitumia sheria hiyo mpaka nilipostaafu, na sijaiona imeandikwa mahali popote.

Maigizo yalinipa presha zaidi. Mwaka mmoja wasichana walitunga mchezo kuhusu katekista mlevi. Niliusoma, nikacheka, halafu nikaogopa. Niliwaomba wambadilishe awe mwalimu mlevi, wakaniuliza kama mwalimu hana heshima. Nikawaachia katekista wao. Siku ya kuigiza Sista alikaa safu ya mbele, rozari mkononi, mimi nikiwa nyuma ya pazia nikijitayarisha kurudi Uthiru na vitu vyangu. Katekista aliingia akiyumba, akiwa ameshika kitabu cha nyimbo juu chini. Nikasikia kicheko kimoja kikubwa, na kilikuwa cha Sista. "Huyo namjua!" alisema kwa sauti. Tangu hapo niliwaacha wasichana waandike wanachokiona.

Mwalimu Mulama, Mungu amrehemu, ndiye aliyenifundisha kwaya. Alikuwa mzee wa Kangemi, mrefu, mwenye koti la kijivu na mwavuli hata mwezi wa Januari. Aliandika nota za do-re-mi kwenye karatasi za manila kwa kalamu nene, akazining'iniza kwa vibanio vya nguo. Mimi nilianza kwa kumbebea vibanio. Baadaye aliniruhusu niwashughulikie wa sauti ya tatu, na siku ya kwanza nikaimba nao kwa nguvu zangu zote ili niwasaidie. Alinigusa begani. "Mwalimu, wewe usiimbe. Ukiimba utajisikia wewe tu." Ilinichukua miezi kufunga mdomo. Alipostaafu aliniachia kwaya, manila zake zote, na kile kichuma chenye meno mawili ambacho ukikigonga kwenye goti kinakupa sauti ya kuanzia. Sikuwahi kumshukuru ipasavyo, kwa hivyo namshukuru hapa.

Basi kwaya ikawa yangu, na nitasema ukweli, nilijivuna nayo. Tulienda kwenye tamasha la muziki la shule karibu kila mwaka. Nilijua majaji wepi wanapenda wimbo uanze taratibu, nilijua basi letu litachemka likipanda kilima gani, nilijua kubeba maji ya vuguvugu na si ya baridi. Mtu akijua mambo mengi hivyo huacha kusoma karatasi anazopewa. Hapo ndipo nilipoanguka.

Ilikuwa miaka minne kabla ya kustaafu. Tulikuwa na msichana wa kidato cha tatu anayeitwa Nekesa, mpole, mrefu, wa sauti ya tatu. Mamake alifanya kazi ya nyumba Lavington, na siku zake za mapumziko alikaa Kangemi. Mwaka huo nilitafuta wimbo wa asili nikakosa wa kuniridhisha, mpaka Nekesa akaniambia, bila kunitazama usoni, kwamba mamake anajua wimbo mmoja wa kwao Magharibi wa kumpokea bibi harusi. Siku ya wazazi mama huyo aliniimbia wimbo wenyewe chini ya veranda ya maabara, akipiga makofi, bila aibu yoyote. Mimi niliurekodi kwa simu. Nilikaa nao mwezi mzima nikiupanga kwa sauti nne. Nekesa ndiye aliyewafundisha wenzake matamshi. Akina Wanjiku, ambao si wa Magharibi, walipotamka vibaya alisema tu, "Rudieni," na walirudia.

Mamake aliomba ruhusa kwa mwajiri wake wiki tatu mapema, aje kutusikia. Alinipigia simu mara mbili kuhakikisha siku haijabadilika. "Mwalimu, huo wimbo nilifundishwa na nyanya yangu," aliniambia. "Sijawahi kuuona ukiimbwa kwa stage. Nikimwona Nekesa pale juu nitakuwa nimefika."

Ijumaa ilifika. Tamasha lilikuwa kwenye ukumbi wa shule moja katikati ya jiji. Nilipanga wasichana wangu mstari nje ya mlango, arobaini kamili, maana sheria ilisema arobaini. Nilikuwa nimewahesabu shuleni, nikawahesabu kwenye basi, nikawahesabu tena pale. Msimamizi wa mlango, kijana mwenye orodha, naye akahesabu kwa kidole. Akafika mwisho wa mstari, kisha akaninyooshea mimi kidole. "Arobaini na moja," akasema.

"Mimi ni kiongozi wa kwaya," nikamwambia.

"Najua, Madam. Lakini soma hapa chini. Watu wote jukwaani, kiongozi akiwemo. Mtu mmoja abaki nje, ama nyote mtolewe. Mko na dakika mbili."

Karatasi hiyo nilikuwa nayo kwenye mkoba tangu mwezi wa pili. Sikuwa nimefika chini. Ndani walikuwa wanatangaza jina la shule yetu, walimu wa shule nyingine wamesimama hapo wananitazama, mimi Nyokabi ninayejua kila kitu. Nikatazama mstari. Nekesa alikuwa wa mwisho, karibu nami kabisa. Nilimchagua kwa sababu alikuwa karibu, na kwa sababu nilijua hatalia wala hatabisha. Naandika hivyo ili mjue mtu anaweza kufanya uovu kwa haraka gani.

Hata hapo ningemwambia tu kwamba nimekosea hesabu. Badala yake nilisema kwa sauti, wote wasikie, "Nekesa, tangu asubuhi nasikia koo lako linakwaruza. Leo pumzika. Nataka kuilinda sauti yako."

Alinitazama. Akatoka kwenye mstari, akavua mkufu wa shanga tuliouvaa kwa ajili ya wimbo, akanipa. Tukaingia.

Tuliimba vizuri sana. Nasema hivyo kwa uchungu. Tulipita kwenda hatua iliyofuata, wasichana wakarukaruka, na nje nikakutana na mamake, amevaa gauni la Jumapili na kitambaa cha kina mama wa kanisani. "Mwalimu, mbona sikumwona Nekesa?" Nikamwambia uongo uleule. Uso wake ulianguka, kisha akajikaza. "Asante kwa kumchunga, mwalimu. Wengine wangemwimbisha tu hivyo hivyo mpaka sauti iishe."

Jumapili, baada ya Misa, mlinzi aliniita langoni. Mama Nekesa alikuwa amekuja kutoka Kangemi na chupa ya asali iliyochanganywa na tangawizi na ndimu. "Kijiko asubuhi na kijiko jioni," akaniagiza. Mnajua sheria yetu, vyakula haviingii bwenini. Kwa hivyo chupa ilikaa kwenye meza yangu, chumba cha walimu, na mara mbili kwa siku Nekesa alikuja kwangu kunywa dawa ya koo lisilouma. Nilimpa kijiko kwa mkono wangu mwenyewe. Alifumba macho, akameza, akasema, "Asante, mwalimu," akaenda darasani. Tangawizi yenyewe ilikuwa kali, hata mimi niliyeshika kijiko nilipiga chafya. Wiki nzima! Kila nilipomwona mlangoni nilijiambia, leo nitasema. Na kila siku nilichota kijiko.

Mazoezini alikuja, lakini hakuwa akifungua mdomo. Alisimama pale mwisho wa mstari, ametulia tuli. Wenzake walidhani anapumzisha sauti. Mimi nilijua namharibu mtoto huku namtazama.

Jumapili iliyofuata mamake alikuja tena, safari hii na chupa kubwa zaidi. "Hajapona?" aliuliza kwa wasiwasi. "Kama ni mbaya nimwombe mama mwenye nyumba ruhusa nimpeleke hospitali." Hapo nilishindwa. Nilimkalisha kwenye benchi karibu na groto, lile pango la sanamu ya Bikira Maria, nikamwambia yote: karatasi, msimamizi, hesabu niliyokosea, koo ambalo halikuwa na kitu.

Aliweka chupa chini. "Kwa hivyo nimekuwa nikisaga tangawizi ya bure?"

"Ndiyo, Mama Nekesa. Nisamehe."

"Mwalimu, mimi pale kazini nikivunja glasi nasema siku hiyo hiyo. Nagombezwa, yanaisha. Wewe msomi mzima umekaa na glasi siku tisa?" Alinitazama, nadhani aliniona nilivyokuwa, sauti yake ikashuka. "Mimi usiniombe msamaha sana. Mimi nilikuwa nimekaa kwa kiti. Mwenye alisimama nje ni yeye. Mwambie, na umwambie mbele ya wale wenzake, maana walisikia."

Nilitaka kumwambia Nekesa pembeni, faraghani. Ingekuwa rahisi kwangu. Lakini Jumatatu saa kumi nilisimama mbele ya kwaya, wasichana arobaini. Niliogopa atatoka mlangoni na wimbo wa kwao. Niliogopa pia kwamba hakuna atakayeniamini tena nikisema "umeimba vizuri". Nikasema, "Siku ile ya tamasha Nekesa hakuwa mgonjwa. Nilikosea hesabu, nikaona aibu, nikamsingizia koo. Nekesa, nisamehe."

Nekesa alijikuna mkono.

"Nilijua, mwalimu."

"Ulijua nini?"

"Tulipokuwa kwa laini nilihesabu pia. Wasichana tulikuwa arobaini. Hatukuwa wengi." Akasita, akatafuta maneno yasiyo na ukali. "Wa arobaini na moja ulikuwa wewe."

Wallahi, siku kumi nilikuwa nimejilaumu kwa uongo, na hata mara moja sikuwa nimefikiria hilo. Nilikuwa nimetafuta wa kutoa mstarini na sikujiona. Nilijua kuhesabu watu wote isipokuwa mimi.

"Na mbona hukusema?" nikamuuliza.

"Wale walimu wengine walikuwa wanakuangalia. Nikaona umeogopa, nikakuhurumia."

"Na tangawizi ukanywa wiki nzima?"

"Ningekataa, mamangu angeuliza kwa nini. Ungepatikana na uongo." Kisha akakunja uso. "Lakini mwalimu, ile kitu ni kali! Sasa naweza kuacha?"

Wasichana walilipuka kwa kicheko, nami nikacheka huku nalia mbele yao, jambo ambalo sikuwa nimelifanya miaka yote hiyo. Msichana wa miaka kumi na sita alikuwa amenibeba siku kumi bila kumwambia yeyote. Sijui nilimfundisha nini mimi.

Nilipopangusa uso niliwaambia kwamba hatua inayofuata wataimba arobaini, na mimi nitakaa na wazazi. "Haiya!" wakasema. "Nani ataanzisha?" Nikampa Nekesa kile kichuma. Wiki mbili tulizobaki nazo nilikaa nyuma ya chumba, nimekalia mikono yangu, naona makosa na kuyanyamazia hadi mwisho wa wimbo. Jaribuni siku moja. Ni kazi ngumu kuliko kuongoza. Mara ya kwanza walianguka katikati, wakatazamana, wakanitazama. Nikatazama dirishani. Wakaanza upya. Kufikia siku ya nne walikuwa wanasikilizana kwa namna ambayo mikono yangu haikuwahi kuwafanya wasikilizane.

Matokeo nitayasema sasa ili yasitusumbue: tulikuwa wa tatu, na hatukuendelea. Walimu wawili waliniuliza kama nimeugua, kwa nini sikuongoza. Niliwaambia nafasi hazikutosha.

Nilikaa safu ya nne. Mama Nekesa alikuwa kando yangu. Ruhusa ya pili ilikuwa imemgharimu maneno mengi kule Lavington, aliniambia hivyo, na nilijua ni kwa sababu yangu. Wasichana waliingia kwa mstari, shanga shingoni, wakapanga safu zao. Nekesa aligonga kichuma kwenye goti, akakiweka sikioni, akawapa sauti kwa mdomo uliofumbwa, ndogo sana, hata sisi hatukuisikia. Akavuta pumzi, na wote arobaini wakavuta pamoja naye.

Waliimba. Mama Nekesa alishika mkoba wake kwa mikono miwili, midomo yake ikifuata kila neno, machozi yakishuka bila yeye kuyajali. Nami nilikuwa na furaha ya ajabu, furaha yenye kidonda ndani yake, maana walikuwa wakinipita na hawakunihitaji. Ilipofika ile sehemu ambapo sauti ya tatu huingia, ambayo nilikuwa nimeipanga mwezi mzima na kuiongoza kwa miezi, nikahisi kiwiko mbavuni.

"Mwalimu," Mama Nekesa alininong'oneza, bila kuondoa macho jukwaani, "shusha mikono. Unanizibia mtoto."